Kichocheo cha kaboni nacho huchoka

Wengi huamini kwamba haidrojeni ikitoka kwenye gesi asilia, hewa ukaa haikwepeki. Kwa njia iliyozoeleka viwandani ni kweli: methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, hukutanishwa na mvuke, oksijeni ya maji hushikana na kaboni, na kila kilo 1 ya haidrojeni huja na kilo 5.5 za hewa ukaa, bado moto wa tanuri haujahesabiwa. Lakini methani yenyewe haina oksijeni. Ukiipasha joto kali pasipo hewa wala maji, huvunjika tu: kilo 4 hutoa kilo 1 ya haidrojeni na kilo 3 za kaboni ngumu.

Hapo huzuka dhana ya pili, tena ya kuvutia zaidi: kwa kuwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mvunjiko huo, kinaweza kuwa kaboni, na kinachozalishwa nacho ni kaboni, basi kichocheo hujifanya upya milele. Sivyo. Mkaa amilifu, mojawapo ya vichocheo hivyo vya kaboni, huanza kwa kasi kwa sababu umejaa vitundu vidogo mno; kaboni mpya hutua humohumo, huviziba, na kasi hushuka. Masizi ya viwandani, yale yanayotiwa kwenye mpira wa matairi, huanza taratibu lakini hudumu zaidi. Faida halisi ya kaboni ni kwamba huvumilia nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, na salfa haiidhuru kirahisi kama inavyoidhuru nikeli, metali ambayo nayo hutumika kama kichocheo.

Ila joto hilo likitokana na kuchoma gesi, au methani ikivuja tangu kisimani, hesabu ya usafi hubadilika.