Laini ni yake, simu ni ya nyumba nzima

"Ndugu mteja, unakumbushwa kuhudhuria kliniki ya CTC kesho saa 2 asubuhi." Ujumbe huo niliuandika mimi. Nilizihesabu herufi zake zisivuke 160 ili gharama iwe ya SMS moja, nikaujaribu kwenye simu ya kitochi, nikaona kazi imekamilika.

Wiki chache baadaye nesi wa zahanati mojawapo ya zile tulizokuwa tukizihudumia akanipigia. "Mwanangu, kuna namba nataka uifute kwenye mfumo. Ifute leo leo." Ujumbe ulikuwa umeingia jioni nyumbani kwa mama mwenye namba hiyo, watu wako kwenye mkeka wanakula. Simu alikuwa nayo shemeji mdogo, anacheza gemu. Akausoma kwa sauti.

Kwa wasomaji walio nje ya Tanzania: CTC ni kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, na herufi hizo tatu hazihitaji kufafanuliwa hata kwa mtoto wa shule. Yule mama hakuwa amemwambia mtu yeyote pale nyumbani. Asubuhi yake alifunga nguo akarudi kwao, na ilipita miezi miwili bila kuonekana kwenye dirisha la dawa. Mfumo uliotengenezwa ili asikose dawa ndio uliomkosesha dawa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mara nyingi naulizwa kazini hizi "Kanuni za Maendeleo ya Kidijitali" zina faida gani, au ni maneno ya kupambia andiko la kuombea fedha. Ni kanuni tisa ambazo mamia ya mashirika duniani yamekubali kuzifuata yanapojenga teknolojia kwa ajili ya afya, elimu, kilimo na huduma nyingine za jamii. Hazikutungwa na watu waliokaa wakafikiria mambo mazuri. Zilitokana na miradi iliyokufa.

Uganda ndiyo mfano ninaoupenda kuutoa. Mapema mwaka 2012 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilisimamisha miradi ya afya inayotumia simu na kompyuta mpaka uwepo utaratibu wa kuiratibu. Ilikuwa imezagaa. Kila mfadhili na programu yake, kila programu na wilaya yake, na hakuna hata moja iliyosomana na ya jirani. Majaribio yalifuatana na majaribio, fedha zikiisha vifaa vinaingia kabatini. Miaka ileile wafadhili na mafundi walikuwa tayari wanakutana kuulizana kwa nini mambo ni hayohayo kila nchi, na mwaka 2014 mazungumzo hayo yakazaa kanuni tisa.

Ukitaka kuona kuzagaa huko kunavyomfika mtu, kaa siku moja na nesi wa zahanati. Mimi nilikaa. Mjamzito wa kwanza alipoingia, jina lake liliandikwa mara nne: kwenye kitabu cha MTUHA, yaani mfumo wa serikali wa takwimu za huduma za afya, kwenye kadi yake ya kliniki, kwenye kishikwambi cha mradi wetu, na kwenye fomu ya mradi mwingine uliokuja na kalamu zake. Mara nne jina, mara nne kijiji, mara nne tarehe ya hedhi ya mwisho. Nje benchi limejaa. Nesi yuleyule ndiye anayechoma chanjo, anayepima presha, na siku hiyo alikuwa pia na mtu anayeumwa uchungu chumba cha pili. Ilipofika saa 8 mchana kishikwambi kilikuwa kimeishiwa chaji, naye akaniambia kwa upole kabisa, "Hiki nitakijaza jioni nikifika nyumbani." Alimaanisha atajaza kwa kumbukumbu. Nilielewa kwa nini takwimu zetu zilikuwa nzuri kuliko hali halisi.

Ndiyo maana kuna kanuni inayosema kwanza elewa mazingira uliyoyakuta, na nyingine inayosema tumia na uboreshe kilichopo kabla hujajenga chako. DHIS2, programu ambayo wizara za afya hukusanyia takwimu za vituo vyao, ni ushahidi mzuri. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi, ikakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na vyuo vya nchi nyingine, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Programu yake ni huria: wizara yoyote inaichukua bila kulipia leseni na kuirekebisha ifanane na fomu zake. Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania takwimu za MTUHA zinaingia humo. Ukija na mradi mpya leo, swali la kwanza liwe namna utakavyopeleka taarifa zako huko bila kumwongezea nesi kitabu cha tano.

Kuhusu uendelevu nitasema kwa ufupi: uliza nani atanunua bando mradi ukiisha. Kama hakuna jibu, bado hujaanza.

Sasa nirudi kwa yule mama, maana yeye ndiye aliyenibadilisha.

Kanuni ya kwanza kabisa kwenye orodha ya zamani ilisema tusanifu pamoja na mtumiaji. Sisi tuliifuata. Tulikaa na manesi, wakatuchagulia rangi za vitufe, wakakataa ukurasa mmoja uliokuwa mrefu, tukaufupisha. Mtumiaji wetu alikuwa nesi, na nesi aliridhika. Lakini yule mama hakuwa mtumiaji wa kitu chochote. Hakuwahi kugusa kishikwambi chetu. Alikuwa namba ya simu kwenye safu ya sita. Tungeweza kutimiza kanuni hiyo kwa asilimia mia na bado ujumbe ungeingia pale mkekani.

Kanuni hizo zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2024, neno "mtumiaji" liliondolewa pale, likawekwa "watu". Wenzangu wengine waliona ni mapambo. Mimi niliposoma niliwaza nyumba ile. Ikaongezwa pia kanuni inayotaka tuyatarajie madhara na kuyapunguza mapema, na iliyohusu taarifa ikaandikwa upya ili mtu aje kwanza kabla ya takwimu. Sheria nazo zimefika: Kenya na Uganda zilipata zao mwaka 2019, na ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Taarifa za afya ni taarifa nyeti kisheria. Ila dole gumba lililobandikwa kwenye karatasi ambayo mwenye dole hakusomewa, kwangu mimi, halijawa ridhaa, hata kama mwanasheria ataipokea karatasi hiyo.

Tulichokibadilisha ni kidogo. Mfumo hautumi ujumbe wowote mpaka mhusika aseme anautaka. Nesi anauliza: hii simu ni yako? Nani mwingine huishika? Ujumbe ukuletee saa ngapi? Uandikweje? Hilo la mwisho tulibishana nalo sana ofisini, kwa sababu programu inapenda ujumbe mmoja kwa watu wote, na kumwachia kila mtu maneno yake kulituchukua wiki tatu zaidi. Mfadhili aliuliza kama kuna ulazima. Nikamsimulia kuhusu mkeka. Hakuuliza tena.

Baada ya mabadiliko hayo nilikwenda kwenye zahanati ileile, nikakaa nyuma ya chumba, mbali na meza. Aliingia mama wa makamo, mtoto mgongoni, ametoka shambani moja kwa moja na udongo bado uko kwenye kanga. Nesi akamuuliza maswali yale. Simu ni ya mume. Watoto wanaishika wote. Ujumbe uje saa 4 asubuhi, mume akiwa shambani na watoto wakiwa shule, yeye simu anaachiwa.

"Na tuandike nini, mama?"

Akanyamaza kidogo, akamweka mtoto vizuri mgongoni. Halafu akacheka.

"Andika 'Kikoba ni Jumatano'. Kwa kikoba hakuna atakayeniuliza."

Nesi akayaandika vilevile.