Likizo ya bustani: kwa nini mhandisi akihama leo, gari hubadilika mwakani

Mashabiki wa langalanga tumeizoea habari hii. Timu inatangaza kwamba imemnyakua mhandisi mkubwa kutoka kwa wapinzani, picha yake inasambaa kila mahali, na Jumapili ikifika watu wanaanza kuuliza: mbona gari bado liko nyuma? Mara nyingi jibu ni kwamba mtu mwenyewe hajaanza kazi. Yuko nyumbani, analipwa mshahara na timu anayoihama, na haruhusiwi kugusa kazi ya upande wowote. Hali hiyo ndiyo inayoitwa likizo ya bustani. Jina ni la Waingereza, maana yake ni kwamba aliyewekwa kando hivyo hana la kufanya ila kupalilia maua yake. Kwa kuwa timu nyingi za Formula 1 zina viwanda vyao Uingereza, jina likakaa kwenye mchezo.

Watu huichanganya na kulipwa fedha badala ya notisi, jambo tunalolijua kwenye ajira za kwetu. Mfanyakazi anayelipwa notisi yake mkononi anaondoka, mkataba umekwisha, na kesho yake yuko huru kuanza popote. Kwenye likizo ya bustani mkataba unabaki hai. Anarudisha kompyuta, kadi ya getini inazimwa, barua pepe inafungwa, lakini kisheria bado ni mtu wa timu ya zamani na bado anadaiwa uaminifu na siri. Akikanyaga kiwanda cha timu mpya hata kwa siku moja, amevunja mkataba. Kwa wahandisi wakubwa muda huo huwa miezi sita, miezi tisa, hata mwaka, na kadiri cheo kinavyopanda ndivyo unavyorefuka.

Kwa nini timu ikubali kumlipa mtu asiyefanya kitu? Tazama kilichotokea mwaka 2007. Nyaraka za siri za Ferrari, kurasa 780, zilikutwa mikononi mwa mhandisi wa McLaren. Ziligundulika baada ya kupelekwa kwenye duka la kunakili karatasi huko Uingereza, na mfanyakazi wa duka akawatonya Ferrari. McLaren walitozwa faini ya dola milioni 100 na kufutiwa pointi zote za ubingwa wa timu mwaka ule. Lakini karatasi zinaweza kupekuliwa na kukamatwa. Kilichomo kichwani hakipekuliki. Mhandisi anayeondoka anajua bawa gani la mbele lilijaribiwa kwenye handaki la upepo, mahali pa kupimia hewa inavyolipita gari, likashindwa, anajua udhaifu ambao timu bado haijautibu, anajua gari la mwakani linaelekea wapi. Huwezi kumwamuru asahau. Unachoweza ni kumchelewesha mpaka anayoyajua yachakae.

Mfano ulionifungua macho mimi ni wa Adrian Newey, mbunifu wa magari, na si huu wa juzi wanaoujua wengi. Mwishoni mwa 1996 Newey aliachana na Williams, timu iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa na Damon Hill. McLaren walimtaka, lakini hakuanza kazi kwao mpaka Agosti 1997. Katika miezi hiyo ya kukaa nje, gari lake la mwisho la Williams liliendelea kushinda. Jacques Villeneuve alilipeleka kwenye ushindi wa mbio saba na kuwa bingwa wa dunia wa 1997. Aliyetazama matokeo tu angesema Williams hawakupoteza kitu.

Kisha ukaja msimu wa 1998, na kanuni zikabadilika: magari yakawa membamba zaidi, matairi yakawekewa mifereji. Machi 8, mbio za kwanza, Melbourne. Mika Häkkinen na David Coulthard wa McLaren walikimbia peke yao kana kwamba wengine wako kwenye mashindano mengine. Katikati ya mbio Häkkinen aliingia piti, sehemu ya kubadilishia matairi, kimakosa, akidhani ameitwa kwenye redio, akapita bila kusimamishwa na kurudi barabarani akiwa wa pili. Coulthard baadaye akampisha. Pamoja na kosa hilo, McLaren mbili zilimaliza ya kwanza na ya pili, na kila gari jingine lilikuwa limeachwa mzunguko mzima au zaidi. Aliyeshika nafasi ya tatu, mzunguko mmoja nyuma, alikuwa Heinz-Harald Frentzen, ndani ya Williams.

Mwaka huo Häkkinen alishinda mbio nane kati ya 16 na kuwa bingwa. Villeneuve, bingwa mtetezi, mtu yuleyule na mikono ileile, hakushinda hata moja. Matokeo yake bora yalikuwa nafasi ya tatu. Haki itendeke: Renault nao walikuwa wamejitoa rasmi kwenye injini za Williams mwisho wa 1997, na McLaren walikuwa wamehamia matairi ya Bridgestone. Sababu hazikuwa moja. Lakini pengo lililoachwa na Newey lilionekana hapo, mwaka na zaidi baada ya kuondoka kwake, na lilionekana kupitia kwa dereva ambaye hakuwa amekosea chochote.

Kuchelewa huko si kwa sababu ya likizo peke yake. Gari la msimu ujao huanza kuchorwa msimu huu ungali katikati. Mfano mdogo wake, usiozidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari halisi, huingizwa kwenye handaki la upepo mara nyingi mno kabla umbo halijakubaliwa. Kwa hiyo hesabu mwenyewe: likizo miezi tisa, kisha mtu anakuta gari la mwaka limeshachorwa, kazi yake halisi inaanzia linalofuata. Mhandisi Dan Fallows alitangazwa na Aston Martin Juni 2021 akitokea Red Bull, akaanza Aprili 2022, msimu ukiwa umeshafunguliwa. Timu ikamaliza ya saba. Mwaka 2023 Fernando Alonso, aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga, alipanda jukwaani katika mbio za kwanza huko Bahrain, na mwisho wa msimu alikuwa amepanda mara nane. Sifa nyingi zilikwenda kwa Alonso, na anastahili, lakini gari aliloketi ndani yake lilikuwa limeanza safari yake muda mrefu kabla yeye hajavaa kijani cha Aston Martin.

Kosa la kinyume, la kumsifu mtu kabla hajaanza kazi, nalo lipo. Mhandisi Rob Marshall wa Red Bull alitangazwa McLaren Mei 2023, na timu ikaanza kupaa Julai ya mwaka huohuo: dereva wao Lando Norris wa nne Austria, wa pili Silverstone, Uingereza. Lakini Marshall alianza kazi Januari 2024! Mabadiliko yale ya Julai yalifanywa na watu waliokuwa tayari ndani ya nyumba, chini ya Andrea Stella aliyekabidhiwa timu Desemba 2022. Marshall anahesabiwa kwenye yaliyofuata, ukiwemo ubingwa wa timu wa 2024, wa kwanza kwa McLaren tangu 1998.

Wapo ambao athari yao haingoji. Hao ni watu wa ukuta wa piti: wanaoamua lini dereva aitwe, avae tairi gani, na anaambiwa nini sikioni. Jonathan Wheatley aliondoka Red Bull, akakaa nje miezi yake, akaanza Sauber Aprili 2025. Julai 6, Silverstone yenye mvua, Nico Hülkenberg alianza nafasi ya 19 akamaliza wa tatu, jukwaa lake la kwanza katika mbio 239. Gari lilikuwa limeboreshwa, ndiyo, lakini siku ya mvua namna ile mtu hushinda au hushindwa kwa uamuzi wa matairi.

Madereva wenyewe karibu hawana bustani. Lewis Hamilton alitangaza Februari 1, 2024 kwamba anakwenda Ferrari, na bado aliendesha Mercedes msimu mzima na kushinda mbio mbili. Kilichobaki nyuma ni Peter Bonnington, mhandisi aliyekuwa sauti yake redioni tangu 2013, katika mataji sita kati ya saba. Mwaka 2025 Hamilton alianza upya na Riccardo Adami, mhandisi wake wa Ferrari, na msimu ukaisha bila kupanda jukwaani katika mbio kuu hata moja, ingawa alishinda mbio fupi za Shanghai. Sidai kwamba redio ndiyo iliyomwangusha. Ila ukisikiliza mazungumzo yao mwanzoni mwa msimu, unasikia watu wawili wanaoulizana mambo ambayo yeye na Bonnington hawakuhitaji tena kuyasema.

Na pale mwenye timu zote mbili akiwa mmoja, bustani haipo kabisa. Julai 2025 Red Bull ilimwondoa mkuu wa timu, Christian Horner, na kumleta Laurent Mekies kutoka timu yao ndogo, moja kwa moja.

Sasa rudi kwa Newey. Alitangaza kuondoka Red Bull Mei 1, 2024, Aston Martin wakamtambulisha Septemba, akaanza Machi 2025. Kanuni zilikataza timu zote kufanya majaribio ya upepo ya magari ya 2026 kabla ya Januari 1, 2025. Wapinzani walifungua mahandaki yao siku ya kwanza walipoweza. Yeye aliingia kiwandani miezi miwili baadaye. Anayetaka kulipima gari la 2026 la Aston Martin aiweke miezi hiyo miwili kwenye hesabu, na aliache kabisa lile la 2025, kwa sababu alipofika lilikuwa limeshajengwa.