Pesa ifuate karatasi: malipo ya kiwanja cha kwanza hapa Arusha

Dada mmoja, nesi, aliniwekea mezani karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na penye mikunjo wino ulishaanza kufifia. Iliandikwa: "Nimepokea shilingi milioni sita (6,000,000) kama kishika uchumba cha kiwanja changu kilichopo Muriet." Chini yake saini mbili, dole gumba moja na muhuri wa mtaa. Ukubwa wa kiwanja haukutajwa. Majirani wa pande nne hawakutajwa. Tarehe ya kumaliza deni haikuwepo, wala neno moja kuhusu nini kifanyike mmoja akighairi. Bei waliyokubaliana kwa mdomo ilikuwa milioni kumi na tano.

Alikuja akitaka nimwandikie risiti nzuri zaidi ya awamu ya pili. Nikamwomba asilipe awamu ya pili kwanza.

Sehemu kubwa ya kazi yangu ya uwakili ni uhamisho wa miliki za ardhi, na wanunuzi wa mara ya kwanza ndio ninaowahurumia zaidi. Wanajua kupatana bei. Dada yule alimshusha muuzaji kutoka milioni kumi na nane, na akatembea juani siku tatu kukagua. Wasichofundishwa na mtu ni mpangilio wa kutoa pesa: ipi itangulie, ipi isubiri, na kila moja isubiri nini. Hapo ndipo watu wanapoumia, hata kama bei ilikuwa nzuri.

Tuanze na unachonunua. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Unachopata wewe ni haki ya kuimiliki kwa muda, na kwenye hati utakuta miaka 33, 66 au 99. Haki hiyo inakuwa yako kamili pale jina lako linapoandikwa kwenye daftari la msajili wa hati. Kabla ya hapo ulicho nacho ni ahadi ya binadamu mwenzako. Ndiyo maana nawaambia wateja kila siku: pesa ifuate karatasi, isiitangulie. Kila awamu unayolipa iwe imefungwa kwenye karatasi fulani iliyokwisha kutoka.

Na karatasi zina ngazi. Dalali akikwambia kiwanja "kiko kwenye mchoro", maana yake kuna mchoro wa mipango miji unaoonyesha mitaa na viwanja. Pengine umeidhinishwa, pengine bado. "Kimepimwa" ni hatua ya mbele: mpima amepanda bikoni, zile alama za mipaka, na ramani ya upimaji imeidhinishwa, kiwanja kina namba na kitalu. "Kina hati" ndiyo ngazi ya juu. Katikati kuna barua ya toleo, ile ya serikali ya kukupa kiwanja kabla ya hati, ambayo wengi huishia hapo miaka na miaka wakidhani wamemaliza. Viwanja viwili vilivyopakana, kimoja cha mchoro na kingine cha hati, vinaweza kupishana bei sana, na mara nyingi tofauti hiyo ni halali kabisa, kwa sababu anayenunua cha mchoro anabeba mwenyewe gharama ya upimaji, ada za umilikishaji na muda wa kusubiri. Ukiambiwa bei ni rahisi, uliza kwanza ni ngazi ipi.

Kama hati ipo, shilingi ya kwanza kabisa unayotoa ni ada ya upekuzi, na inalipwa serikalini. Miaka ya nyuma sisi wa Arusha tulikuwa tunakwenda Moshi kwa msajili wa kanda. Tangu 2020 wizara ilipofungua ofisi za ardhi za mikoa, upekuzi unafanyika hapa hapa. Majibu yake yanakwambia mmiliki ni nani, kama benki ina rehani, na kama mtu ameweka zuio. Kwa kiwanja ambacho hakijafika kwa msajili, upekuzi wako ni idara ya ardhi ya halmashauri husika, na hapa watu wanachanganya: Muriet na Olasiti ni Jiji, Kisongo na Ngaramtoni ni Halmashauri ya Arusha, Usa River ni Meru. Ukienda mlango usio wenyewe utajibiwa kwamba hawana kumbukumbu, kisha utafikiri umetapeliwa, au vibaya zaidi, utafikiri hakuna tatizo.

Sasa kishika uchumba. Ni cha kushika tu, mahari inakuja baadaye. Mimi sipendi kizidi asilimia 10 ya bei, na nataka kiandikwe wazi: kinarudishwa chote upekuzi ukionyesha tatizo. Milioni sita kati ya kumi na tano ni asilimia 40. Muuzaji akishazishika hizo, wewe ndiye unayembembeleza. Baada ya hapo ndipo unasainiwa mkataba wa mauziano, na awamu kubwa inalipwa siku ambayo muuzaji anasaini fomu za uhamisho na kukabidhi hati halisi kwa wakili au benki. Salio, nami huwa nashikilia lisipungue asilimia 10, linabaki hadi jina jipya litoke. Muuzaji mwenye nia njema hukubali akielezwa vizuri. Anayekuja juu kwa sababu ya hilo salio tu, mchunguze tena.

Siku ya kusaini, mwenza wa muuzaji awepo. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa ninayoitaka ni ya maandishi na picha, mbele yangu. "Mama yuko safarini" naisikia kila mwezi. Basi tunasubiri mama arudi, na pesa inasubiri pamoja nasi. Lipa benki, kwa akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati. Usilipe kwa akaunti ya dalali, wala ya mdogo wake muuzaji "kwa sababu ya mkopo wake wa benki".

Kampuni za viwanja zina mtindo wao, nao nitautazama kwa karibu kwa sababu vijana wengi wanaingilia mlango huo. Tangazo linasema: lipa kidogo kidogo miezi 18, bila riba. Tufanye hesabu ya mfano. Kiwanja cha mita za mraba 600. Ukilipa taslimu ni shilingi 25,000 kwa mita, yaani milioni 15. Ukilipa kwa awamu ni 30,000 kwa mita, yaani milioni 18. Kianzio asilimia 30, ambayo ni 5,400,000. Zinabaki 12,600,000, unalipa 700,000 kila mwezi. Neno riba halipo popote kwenye karatasi. Lakini kiwanja chenyewe kina thamani ya milioni 15 leo, na wewe umeshatoa 5,400,000, kwa hiyo ulichokopeshwa kweli ni 9,600,000. Unarudisha 12,600,000. Milioni tatu za juu ni zaidi ya asilimia 31 ya mkopo huo, na deni linapungua kila mwezi wakati ongezeko lilihesabiwa lote tangu siku ya kwanza. Kabla hujasaini, peleka hesabu hiyo kwenye SACCOS yako uone wangekutoza kiasi gani kwa 9,600,000 zile zile. Wateja wangu watatu walikopa huko, wakalipa kampuni taslimu, na wakaokoa pesa ya kutosha kuanzia msingi.

Kwenye mkataba huo huo tafuta kifungu cha kuchelewa. Nimeshasoma kinachosema mteja akichelewa siku 60 mkataba umekufa na fedha zote hazirudi. Mteja wangu mmoja, fundi wa magari, alilipa miezi 14, akaumwa, akachelewa, na kiwanja kikauzwa kwa mtu mwingine. Sheria ya Mikataba inampa aliyevunjiwa mkataba fidia inayostahili, haimpi ruhusa ya kuzoa kila kitu kwa sababu tu kimeandikwa. Tulipata sehemu ya pesa, baada ya barua nyingi na mwaka mzima wa usingizi mbaya. Ingekuwa rahisi mno kurekebisha sentensi ile kabla ya saini. Omba siku 90, taarifa ya maandishi, na kiwango cha makato kinachotajwa kwa asilimia. Na uulize: hati itaanza kushughulikiwa lini, nikimaliza au nikifika nusu? Ada zake ni za nani?

Hapo tumeingia kwenye gharama za uhamisho, ambazo bei ya kwenye tangazo huwa haizitaji. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa sheria ni ya muuzaji. Kwa Mtanzania mkazi ni asilimia 10 ya faida. Akikosa vielelezo vya alichotumia, ni asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, ile iliyo kubwa. Mtu aliyenunua kwa milioni 36 na kuuza kwa milioni 40 akiwa na vielelezo vyake, faida ni milioni 4, kodi ni 400,000. Asiye na vielelezo analipa 1,200,000 kwa mauzo hayo hayo. Tunza basi mkataba wako na risiti zako, kwa sababu siku moja nawe utakuwa muuzaji. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi ina msamaha ikiwa faida haizidi milioni 15. Sasa sikiliza: bila cheti cha TRA kuonyesha kodi imelipwa, msajili hahamishi jina. Kwa hiyo hata kama kodi ni ya muuzaji, akitoweka nayo wewe ndiye unayekwama. Kifungu cha "gharama zote za uhamisho ni juu ya mnunuzi" kinafanana na maneno ya kawaida, kumbe kimekuhamishia kodi nzima. Ama kikatae, ama kipunguze kwenye bei. Ninachopenda zaidi ni kodi kukatwa kwenye awamu ya mwisho na kulipwa moja kwa moja serikalini.

Upande wako mnunuzi kuna ushuru wa stempu, asilimia 1, unaopaswa kulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba kusainiwa. Kuna ada ya usajili. Kuna mthamini, ambaye ripoti yake inapita kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Kuna wakili, ambaye ada yake mpatane mapema na muiandike. Kila ada ya serikali inatoka na kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontro namba. Ukiombwa pesa mkononi bila namba hiyo, hata kama ni ile "asilimia kumi ya mtaa" inayodaiwa kwenye ofisi ya mtaa, omba namba. Dalali naye mkubaliane nani anamlipa, kabla hajakupandisha bodaboda kwenda kuona.

Kuna wanaokushawishi muandike bei ndogo ili kodi ipungue. Ni kosa, na pia hakusaidii, kwa sababu thamani iliyoidhinishwa ndiyo itakayotazamwa. Zaidi ya hayo, ukija kudai pesa zako mahakamani, utadai ile iliyoandikwa.

Gharama nyingine zipo kwenye udongo wenyewe. Sehemu za chini za jiji zenye udongo mweusi unaopasuka kiangazi, msingi hula pesa kuliko ulivyopanga. Kiwanja kilichoegemea Themi au mto wowote, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakukataza kujenga ndani ya mita 60, kwa hiyo pima mwenyewe ubakiwe na nini. Umeme kwa bei za Januari 2022 ulianzia 320,960 mjini pasipohitaji nguzo, na 27,000 vijijini. Ukinunua nyumba, nunua LUKU kidogo kabla ya kusaini: kodi ya majengo inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya chini, na mita iliyolala muda mrefu itakuonyesha malimbikizo. Kodi ya pango la ardhi pia, dai risiti ya mwaka huu.

Moshi na vijiji vya Arusha ni habari nyingine, na itahitaji andiko lake. Kihamba, yaani shamba la ukoo, cha Machame au Kibosho kina wenyewe wengi kuliko anayekuuzia, na makaburi ya babu zao yako nyuma ya migomba. Ardhi ya kijiji inataka ridhaa ya halmashauri ya kijiji, haitoshi mwenyekiti peke yake na muhuri wake mfukoni.

Nirudi kwa nesi. Tulipofuatilia, kiwanja kilikuwa kipande cha shamba la marehemu baba yake muuzaji, nao ni ndugu wanne. Muuzaji hakuwa mwizi. Alidhani sehemu aliyoonyeshwa na mzee inatosha. Tuliwaita wote wanne. Kaka mkubwa akaenda Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa msimamizi wa mirathi. Mkataba tuliuandika upya, tukataja ukubwa, majirani na ile milioni sita. Milioni tisa zilizobaki tukazigawa: nne siku msimamizi aliposaini na ndugu zake wakiridhia, tatu bikoni zilipopandwa na ramani kuidhinishwa, mbili hati itakapotoka. Muuzaji alinung'unika siku ya kwanza. Siku ya bikoni ndiye aliyeshika kamba ya mpima.

Barua ya toleo yenye jina la nesi imetoka mwezi uliopita. Milioni mbili za mwisho bado ziko kwenye akaunti yake.