Sanaa ya kuzama ni nini, na kumbukumbu ya mababu inaingiaje humo

Sanaa ya kuzama ni kazi ambayo mtu hasimami mbele yake kuitazama; anaingia ndani yake. Sakafu, kuta, giza, sauti, harufu na njia ya kupita ndiyo kazi yenyewe. Wasanii wengi wenye asili ya Afrika katika Marekani, Karibi na Uingereza wanaitumia kusimulia ngano na kumbukumbu za watu waliovushwa Atlantiki kwa nguvu. Jina hilo sasa hubandikwa kwenye ukumbi wowote wenye projekta nyingi na muziki mzito, na hapo maana hupotea. Picha ya Yemanjá, mungu wa kike wa bahari, yenye upana wa mita kumi bado ni picha. Kazi inakuwa ya kuzama pale mwili wa aliyeingia unapolazimika kutenda: kugeuka, kupunguza mwendo, kuvuka, kuitikia.

Sharti hilo linatokana na historia. Baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa 1739, sheria ya South Carolina ya 1740 iliwakataza watumwa ngoma na pembe, na ikakataza wasifundishwe kuandika. Kumbukumbu ikabaki miguuni, mikononi na kooni. Katika visiwa na pwani ya Georgia na South Carolina ulidumu mchezo wa ibada unaoitwa ring shout: watu wanazunguka duara kinyume cha saa, nyayo zikiburuzwa bila kupishanishwa, mmoja akianzisha wimbo, wengine wakiitikia na kupiga makofi, na mwingine akigonga mpini wa ufagio sakafuni mahali pa ngoma iliyokatazwa. Kwa hiyo msanii anayeanza na picha na kuacha mwendo huwa ameanzia upande dhaifu wa urithi huu. (Msomaji wa pwani yetu anaweza kukumbuka lewa ya Oman na Ghuba, inayochezwa kwa duara kwa zumari na ngoma, ambayo watu wenye asili ya Afrika Mashariki wameibeba pamoja na maneno ya Kiswahili.)

Mfano ulio wazi kuliko yote ni dikenga, duara la Wakongo (kabila la Bakongo wa Afrika ya Kati). Ni msalaba ndani ya duara, wenye vituo vinne: Kala upande wa kulia, jua likichomoza na mtu akizaliwa; Tukula juu, adhuhuri, mtu akiwa na nguvu zake zote; Luvemba kushoto, machweo na kufa; Musoni chini, usiku wa manane katika ulimwengu wa waliotangulia. Mstari wa kati unaolala ni kalunga, maji yanayotenga walio hai na wafu. Wapo wanaoliona duara hili hata katika sakafu ya kanisa la First African Baptist, Savannah, yenye matundu yaliyotobolewa kwa umbo la almasi na msalaba. Waumini wa hapo husimulia kwamba matundu hayo yaliwapa hewa watoro waliofichwa chini. Mwaka 1991, katika Schomburg, kituo cha utafiti wa utamaduni wa Weusi huko Harlem, New York, Houston Conwill pamoja na Estella Conwill Majozo na Joseph DePace waliweka sakafuni kazi ya terazo na shaba iitwayo Rivers, yaani Mito, iliyoundwa kwa mpango wa dikenga. Chini yake yamehifadhiwa majivu ya mshairi Langston Hughes. Wanaopita wanakanyaga mito, na hakuna kamba ya kuwazuia. Huko Charleston nako, nje ya Jumba la Makumbusho la Kimataifa la Wamarekani Weusi lililofunguliwa 2023 mahali ilipokuwa gati ya Gadsden, maji hujaa na kupwa juu ya maumbo ya watu waliolazwa sambamba kama katika mchoro wa Brookes, meli ya kubeba watumwa.

Ukitaka kujenga chumba cha namna hiyo, ukumbi wa mita 8 kwa 8 unatosha. Weka mlango upande wa Musoni, yaani chini ya duara, na uzibe kushoto kwa pazia zito ili mgeni ageuke kulia. Mtu anayezunguka kinyume cha saa huwa na kitovu cha duara mkono wake wa kushoto; akigeuka kushoto tangu mlangoni, chumba chote kinasomeka kinyumenyume, kifo kikitangulia kuzaliwa. Kibao cha mshale hakisaidii sana gizani. Mwanga hafifu na sauti inayoanzia kulia vinawavuta watu vizuri zaidi.

Kalunga iwe mfereji wa maji unaokatisha chumba, urefu mita 7, upana nusu mita, kina sentimita 3. Hayo ni maji ya lita 105, karibu kilo 105, uzito ambao sakafu nyingi huubeba bila shida. Ukiongeza kina hadi sentimita 30 unapata zaidi ya tani moja, na faida huioni: uso wa maji juu ya kitako cheusi cha mfereji ndio unaoakisi mwanga, kina hakiongezi kitu. Weka vivuko viwili vya mbao zisizoteleza, kimoja upande wa Kala na kingine upande wa Luvemba, ili kila mzunguko uvuke maji mara mbili. Nyaya zote za umeme zipite juu. Waya mmoja ulioachwa sakafuni kando ya maji unatosha kufanya wakaguzi wafunge ukumbi.

Sauti ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi. Kuta za zege hurudisha mwangwi hadi maneno ya mwimbishaji hayasikiki. Tundika mapazia mazito kwenye kuta mbili zinazokutana, yakiwa sentimita 10 kutoka ukutani, kwa sababu kitambaa kilichobanwa na ukuta hunyonya sauti kidogo sana. Mwimbishaji apewe spika yake, waitikiaji spika nyingine upande wa pili, na baada ya kila mwito uachwe ukimya wa sekunde tatu au nne. Bila nafasi hiyo hakuna mgeni atakayeitikia.

Tuseme kazi inahusu Igbo Landing: Mei 1803, katika kisiwa cha St. Simons, Georgia, mateka wa Kiigbo waliingia majini Dunbar Creek badala ya kukubali utumwa, na wajukuu wakasimulia kwamba waliruka wakarudi Afrika. Wengi hukimbilia kuonyesha watu wenye mabawa. Kuipandisha sauti kutoka sakafuni hadi darini kuna nguvu zaidi, lakini sikio halitambui vizuri kama sauti nzito inatoka juu au chini. Tumia milio myembamba: pumzi, makofi, mchakacho wa nguo.

Projekta hudai hesabu. Yenye uwiano wa 1.2 (umbali kutoka ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha) inahitaji umbali wa mita 4.8 ili kutoa picha ya upana wa mita 4, na hapo kila mgeni atatupa kivuli chake ukutani. Yenye uwiano wa 0.5 inahitaji mita 2 tu, hivyo iweke juu ikiinamia ukuta. Usitumie mwanga unaowaka na kuzimika zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwani huweza kumletea kifafa mwenye maradhi hayo. Taa za njia ya dharura hazizimwi kwa hoja ya sanaa.

Jambo gumu kuliko vifaa ni ruhusa. Vèvè, alama takatifu ya dini ya Vodou ya Haiti, huchorwa chini kwa unga ili kumwita lwa, yaani roho, kisha miguu ya wachezaji huifuta. Ukiichapa kwenye plastiki ya kudumu umegeuza mwito kuwa pambo, tena pambo la kukanyagwa kila siku. Muulize mwenye ibada kabla ya kuagiza chapa, na akikataa, acha. Tahadhari hiyohiyo inahusu tabia ya wageni: kazi ya msanii Kara Walker ya sukari, katika kiwanda cha zamani cha sukari cha Domino, Brooklyn, mwaka 2014, ilivuta watu waliopiga picha za dhihaka mbele ya umbo la mwanamke mweusi. Mhudumu aliyefundishwa, anayesimama ndani na si mlangoni, hupunguza hilo kuliko tangazo.

Wageni wengine wataacha sarafu, maua au majina yaliyoandikwa kwenye karatasi kando ya maji. Amueni kabla ya kufungua nani atavikusanya, vitawekwa wapi na maji yatamwagwa wapi siku ya kubomoa, maana wafanyakazi wa usafi wasipoelezwa watavitupa pamoja na taka.