Daktari wa mtoto kwenye simu: anachokiona na asichokiona

Tiba mtandao, yaani kuonana na daktari kwa simu ya video, ni msaada mkubwa kwa mzazi anayeishi mbali na daktari bingwa wa watoto. Ila mtu mzima huweza kueleza mwenyewe panapomuuma. Mtoto wa miezi minane huelezewa na mama yake, na sisi madaktari tulio upande wa pili tunategemea macho na mikono ya mama huyo.

Mtoto akiwa na kikohozi, kabla ya kupiga simu mhesabie pumzi. Awe ametulia, halii wala hanyonyi. Mfunue kifua, uhesabu kinavyopanda kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kupumua haraka. Huenda ni nimonia, na huyo anapaswa kuchunguzwa ana kwa ana siku hiyohiyo.

Kamera humsaidia sana daktari kwa degedege, maana mara nyingi mtoto hufika hospitali limeshapita. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, na kama mpo wawili, mmoja arekodi huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Wapo pia watoto wa chini ya mwaka mmoja wanaojikunja ghafla, mara kadhaa mfululizo, hasa wakiamka. Nyumbani husemwa ni chango au kushtuka tu, kumbe inaweza kuwa kifafa kinachodhuru ubongo kisipotibiwa mapema. Video fupi ya hali hiyo ina thamani kubwa kwetu. Mtumie daktari peke yake, si kundi la WhatsApp la familia.

Kwa manjano ya mtoto mchanga, siiamini kamera. Mwanga wa taa na simu yenyewe hubadili rangi, na kwenye ngozi nyeusi manjano hujificha. Mtoto aliyepata manjano ndani ya saa 24 tangu azaliwe, au ambaye viganja na nyayo zimekuwa njano, apelekwe hospitali haraka.

Homa nayo huhitaji tone la damu kupima malaria, na dozi ya dawa huhitaji uzito wa leo, si wa kukisia. Ndiyo maana naona tiba mtandao humfaa mtoto zaidi akiwa zahanati: mhudumu ana mizani na kipimo, bingwa yuko kwenye skrini.

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au asiyeamka, au ambaye sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta hewa, asisubirishwe simu ya video. Vivyo hivyo kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa. Mpelekeni kituo cha afya mara moja. Kwa dharura ya mtoto mchanga Tanzania, piga 115 kuomba usafiri, ni bure.

Na kama mtoto wako ana selimundu (siko seli) au kifafa na hali yake imetulia, uliza kliniki kama baadhi ya marudio yanaweza kufanyika kwa video. Siku ya simu uwe na kadi ya kliniki na chupa za dawa zote anazotumia, zikiwemo za kienyeji.