Buddy Holly hakupewa jina na ajali

Juzi kijana kaja kurekodi, nikamwekea Peggy Sue, wimbo wa Buddy Holly, yule mwanamuziki wa rock and roll wa Marekani, kwenye spika asikie ngoma ilivyokaa, akanikata: "Huyu si alipata jina kwa sababu ndege ilianguka?" Jamani. Hiyo kauli nimeijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, leo naandika.

Ajali yenyewe kwa kifupi: tarehe 3 Februari 1959, karibu na Clear Lake, Iowa. Holly miaka 22, wanamuziki wenzake Ritchie Valens 17 na J.P. Richardson 28, na rubani Roger Peterson 21 ambaye watu humsahau kila mwaka. Walikodi ndege kwa sababu hita ya basi la ziara ilikuwa mbovu, baridi kali mpaka mpiga drams wao kwenye ziara ile, Carl Bunch, alilazwa, miguu imeganda. Basi, imetosha.

Sasa wimbo wake That'll Be the Day ulishika namba moja Marekani Septemba 1957, mtu yuko hai anadunda! Machi 1958 akazunguka Uingereza, na wale vijana wa Liverpool waliokuja kuwa Beatles, mwaka huohuo walipoingia studio kurekodi mara ya kwanza walianza na wimbo huohuo. Hapo nani alikuwa amekufa?

Turudi kwenye Peggy Sue maana hapo ndipo roho inaniuma. Studio ya Norman Petty, mtayarishaji wake, Clovis, New Mexico, 1957. Jerry Allison, mpiga drams wa bendi yake enzi hizo, anapiga ngoma kwa mikono miwili bila kupumzika mwanzo mpaka mwisho, huku Petty anawasha na kuzima mwangwi, ndo maana unasikia ngoma inakuja karibu halafu inarudi mbali. Holly mkono wake wa kulia unachapa nyuzi kwa kasi ambayo hawezi kuuachia hata sekunde aguse swichi, kwa hiyo Niki Sullivan wa gitaa la pili hapigi kitu kabisa, kapiga magoti pembeni yake, solo ikifika anasukuma swichi ya ile Stratocaster, gitaa la umeme la Holly. Sikiliza pale solo inapoingia, gitaa linabadilika ghafla, linakuwa kali. Hicho ni kidole cha Niki.

Everyday nayo haina drams, Allison anajipiga magoti kwa viganja. Na Words of Love Holly anaimba halafu anajiitikia mwenyewe, tepu juu ya tepu, siku hizi kwenye kompyuta ni kubonyeza tu ila enzi zile kila ukiongeza sauti mpya ile ya zamani inafifia kidogo, ukiharibu unaanza upya.

Kinachonisumbua mpaka leo ni Holly anaishia wapi na Petty anaanzia wapi. Jina la Petty limo kwenye utunzi wa nyimbo nyingi na mimi kama fundi mitambo kuna siku namtetea, siku nyingine nakasirika. Na kwa Valens nakiri, alivuma miezi michache tu, nikisikia La Bamba ile 17 yake inaniingia sikioni kabla ya gitaa.

Wiki za mwisho Holly alijirekodi nyumbani kwake New York, yeye na gitaa, ikiwemo Peggy Sue Got Married. Baada ya kufa zikaongezwa vyombo na waitikiaji. Tafuta ile isiyoongezwa kitu, usikie sauti, nyuzi na chumba.