Sinema ya Tatu si sinema ya Dunia ya Tatu

Sinema ya Tatu ni utengenezaji wa filamu unaokusudia kumwamsha mtazamaji ajue kinachomkandamiza na achukue hatua. Waargentina wawili, Fernando Solanas na Octavio Getino, ndio walioipa jina hilo katika ilani yao ya mwaka 1969. Sinema ya Kwanza kwao ilikuwa ya Hollywood na wanaoiiga. Ya Pili ni ile ya mwongozaji msanii anayetafuta sauti yake mwenyewe. Maana ndiyo hiyo, haina mzunguko.

Tatizo ni jinsi inavyotumika huku kwetu Kigoma. Vijana wa Gungu wakirekodi filamu kwa kamera ya kuazima, mtangazaji anaitambulisha redioni kuwa ni Sinema ya Tatu. Mgeni rasmi anayefungua semina ya waigizaji anarudia hayo hayo: sisi ni Dunia ya Tatu, basi sinema yetu ni ya Tatu. Hata wanafunzi wa chuo nimewasikia wakisema hivyo, na wao ilani wanaweza kuipata wakaisoma.

Hizo ni hesabu mbili tofauti. "Dunia ya Tatu" ilianza na Mfaransa Alfred Sauvy mwaka 1952. Alizitazama nchi zilizokuwa nje ya kambi ya Marekani na ya Urusi, akazifananisha na lile tabaka la tatu la Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789, tabaka la watu wengi waliodharauliwa. Hapo yanahesabiwa mataifa. Solanas na Getino walihesabu namna za kutengeneza filamu: inatengenezwa kwa ajili ya nani, inaonyeshwa wapi, na ikiisha mtazamaji anatarajiwa afanye nini. Ni kweli ilani yao ilitoka katika jarida la Tricontinental la Havana, lililosimama upande wa Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini, kwa hiyo undugu upo. Lakini ndani ya ilani hiyo hiyo waliwataja, kama mifano ya kufuata, Newsreel, kundi la watengeneza filamu la Marekani, na filamu za wanafunzi wa Italia. Kama nchi ndiyo ingekuwa kipimo, hao wangeingiaje? Teshome Gabriel, Mwethiopia aliyefundisha Los Angeles na kuandika kitabu juu ya dhana hii mwaka 1982, hakuacha shaka: sifa kubwa ya Sinema ya Tatu ni itikadi inayoibeba na mwamko inaouonyesha, kuliko mahali ilipotengenezwa au aliyeitengeneza.

Tazama walivyoionyesha filamu yao wenyewe, La hora de los hornos ya mwaka 1968, yenye urefu wa zaidi ya saa nne. Argentina ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, hivyo ilionyeshwa kwa siri, majumbani mwa watu na kwa wafanyakazi. Pembeni palitundikwa bango lenye maneno ya Frantz Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, kwamba kila anayetazama tu ni mwoga au msaliti. Katikati ya filamu mashine inazimwa, watu wanajadiliana. Mjadala ulihesabiwa kuwa sehemu ya filamu.

Sasa chukua kisa cha hapa: mama anayeanika dagaa ufukweni Katonga, aliyekopa mkopo wa kausha damu. Sinema ya Kwanza itamletea mkombozi, pengine tajiri kutoka Dar es Salaam atakayelipa deni na kumwoa, nasi tutatoka tumefurahi. Sinema ya Pili itakaa na huzuni yake, itupe uso wake kwa muda mrefu na ukimya wa ziwa, na inaweza kuwa filamu nzuri sana. Ya Tatu itatengenezwa na akina mama wenyewe na kuonyeshwa pale pale ufukweni. Wakala akitokea na daftari lake, picha inasimamishwa. Dada aliyekaa mbele anauliza: riba hii nani aliipanga, na kwa nini tunasaini mmoja mmoja? Wasipolijibu swali hilo siku hiyo, filamu haijaisha.

Kuna kosa jingine linalotembea na hili: kudhani kwamba sauti inayokwaruza na picha yenye giza ndiyo alama ya Sinema ya Tatu. Wanamsingizia mwongozaji wa Kuba, Julio García Espinosa, ambaye mwaka huo huo wa 1969 alitetea sinema isiyo kamilifu. Alichokataa ni ubora wa kiufundi kufanywa lengo. Maikrofoni mbovu hakuitetea popote, na mama wa Katonga anastahili kusikika vizuri anapouliza swali lake.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, kazi ya vijana wa Gungu ukiipenda iite filamu ya Kigoma, na uwataje waigizaji wake kwa majina, maana wamefanya kazi ngumu. Kama ni kisa cha mapenzi kinachoishia kwa harusi na magari ya kukodi, ni Sinema ya Kwanza iliyotengenezwa Kigoma, na kusema hivyo si kuwatusi. Neno "ya Tatu" litunze kwa siku watakaposimamisha picha katikati na kuwageukia watu waliokaa.